Warsha ya HROC ya siku tatu: inavyoendeshwa, inapofaa na inapokwama

Parokia, kamati za misikiti na kamati za amani za vijijini katika nchi za Maziwa Makuu huuliza jambo moja kabla ya kualika HROC, warsha ya kuwaponya na kuwakutanisha tena majirani baada ya vita: siku tatu za kuketi na kuzungumza zitafaa nini pale ambapo majirani waliuana? Zinafaa, tena sana, lakini kwa sharti. Warsha iendeshwe nzima, kwa idadi ya watu iliyopangiwa, na siku ya ufuatiliaji isiachwe. Ikipunguzwa, huwaacha washiriki na kidonda kilichofunuliwa ambacho hakuna aliyekifunga.

HROC ni kifupi cha Healing and Rebuilding Our Communities, maana yake kuponya na kujenga upya jamii zetu. Ilianza mwaka 2003 Rwanda na Burundi, mikononi mwa kanisa la Marafiki, ambao wengi wanawajua kwa jina la Quaker. Wakati huo Rwanda ilikuwa inawaachia maelfu ya wafungwa waliokiri kushiriki mauaji ya kimbari ya 1994, nao walikuwa wanarudi kwenye vilima vilevile walikotoka. Burundi nayo ilikuwa bado vitani tangu Rais Melchior Ndadaye auawe Oktoba 1993, licha ya mkataba uliotiwa saini Arusha Agosti 2000. Mjane alikuwa anapanga foleni ya maji nyuma ya mtu aliyemjua kwa sura, na alijua alichofanya. Warsha ilitengenezwa kwa ajili ya hao wawili. Haisimamishi vita, na wala haidai kufanya hivyo. Inawashughulikia watu ambao silaha zimeshanyamaza kwao lakini hawana pa kuhamia.

Marafiki hawakubuni haya wakiwa mbali. Kibimba, katikati mwa Burundi, ndiko walikoanzia misheni yao mwaka 1934, na Oktoba 1993 wanafunzi wa Kitutsi wa shule ya hapo walichomwa moto ndani ya jengo la kituo cha mafuta. Kanisa lililofikwa na hayo mlangoni pake halikuweza kuhubiri upatanisho juujuu. Mwaka uliofuata ikaundwa kamati ya amani hapohapo Kibimba, na uzoefu wa aina hiyo unaonekana ndani ya HROC: dini imo, ila mahubiri yamewekwa pembeni.

Msingi wake ni kwamba kila mtu ana jema ndani yake, na kwamba kiwewe, yaani jeraha la nafsi linalobaki baada ya mambo ya kutisha, kinampata aliyetendewa na aliyetenda. Hili la pili huwaudhi wengi wanapolisikia mara ya kwanza, na wana haki ya kuudhika. Wawezeshaji wazuri hulieleza mapema na kwa uangalifu: kusema kwamba muuaji naye hapati usingizi usiku si kusema kwamba makosa ni nusu kwa nusu. Mwezeshaji asiyeweza kulitofautisha hilo kwa maneno yanayoeleweka mbele ya mtu aliyenusurika hafai kusimama hapo, hata awe na cheti gani.

Idadi ni washiriki 20: kumi upande huu, kumi upande ule. Rwanda ilikuwa kumi miongoni mwa walionusurika na kumi waliotoka gerezani au jamaa zao. Burundi, kumi wa kambi za waliohama makwao na kumi waliobaki au kurudi vijijini. Wawezeshaji ni watatu, nao watoke pande zote. Hesabu hii si ya mapambo. Wakiwa 14 kwa 6, wale sita hukaa kimya siku ya kwanza, siku ya pili husema yale tu wanayoona yanatakiwa, na siku ya tatu wawili hawaji. Wakiwa zaidi ya 20 kwa jumla, mduara hauwezi kumaliza zamu ya kila mtu kabla ya chakula, na atakayekatizwa hapo ni yule aliyesubiri miaka kumi ili aseme.

Mahali pengine kugawa kumi kwa kumi ni kazi ngumu. HROC ilipoletwa magharibi mwa Kenya baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007, Mlima Elgon ulikuwa na mgogoro wa namna yake: kundi la wapiganaji la SLDF (Sabaot Land Defence Force) lilikuwa limeua na kukata watu masikio kwa ajili ya ardhi ya Chepyuk, kisha Machi 2008 jeshi likaingia na operesheni iliyoacha malalamiko ya mateso. Familia moja ingeweza kuwa na kijana aliyeingizwa kundini kwa nguvu, mjomba aliyeuawa na kundi hilohilo na baba aliyepigwa na askari. Hapo ukigawa kwa ukoo peke yake unakosea. Njia inayofaa ni kuorodhesha kwanza yaliyowapata watu (aliyepoteza mtu, aliyepoteza shamba, aliyekuwa kundini, aliyerudi kutoka mahabusu), ndipo utafute uwiano. Kazi ya kuchagua washiriki inataka angalau wiki mbili na watu wawili wanaokijua kijiji nyumba kwa nyumba. Ukimwachia chifu akuletee orodha, utapata shemeji zake.

Vifaa ni vichache: mabango makubwa ya karatasi, maka za rangi mbili au tatu, gundi ya karatasi, vitambaa kumi vya kufunga macho, maji ya kunywa, leso. Viti viwe vya aina moja. Hili linaonekana dogo, lakini mtu mmoja akipewa kiti cha mikono na wengine benchi, mduara umeshakuwa baraza lenye mwenyekiti. Bajeti kubwa iko kwenye chakula na nauli: watu 23, wawezeshaji wakiwemo, kwa siku tatu ni sahani 69 za mchana, na chai ya saa nne mara tatu. Ongeza mlezi wa watoto. Akina mama wenye watoto wachanga wasizuiwe, ila mtoto wa miaka minne hatakiwi kuyasikia yanayosemwa siku ya pili.

Siku ya kwanza ni ya kujenga uwanja. Watu hujitambulisha, hukubaliana masharti (yanayosemwa humu hayatoki, hakuna kukatizana, kila mtu ana haki ya kuruka zamu yake), hupitia Dirisha la Johari kuonyesha kwamba kuna sehemu za mtu anazozijua yeye, nyingine wanazijua wenzake, na nyingine hazijulikani na yeyote. Kisha huja kiwewe: ni nini, kinasababishwa na nini, kinaonekanaje mwilini. Washiriki wenyewe ndio hutaja dalili, na orodha hujaa haraka: kushtuka mlango ukigongwa, kutolala, kupiga watoto bila sababu, pombe, kichwa kuuma pasipo homa, kukwepa njia fulani. Faida kubwa ya siku hii hutokea hapo. Mtu aliyedhani amerogwa au ana wazimu anagundua kwamba watu kumi na tisa wengine wana hayohayo, wakiwemo wa upande wa pili. Wawezeshaji wenye haraka hugeuza sehemu hii kuwa somo la ubaoni, wakaandika dalili wao na kuzisoma. Ukiona hivyo, jua siku ya pili itakuwa dhaifu.

Siku ya pili ndiyo moyo wa warsha. Asubuhi ni ya hasara na maombolezo. Wengi wa waliopoteza ndugu katika vita hivi hawakuzika. Hapakuwa na mwili wala matanga, na hakuna aliyekuja kuketi nao. Hapa kila mmoja hupewa nafasi ya kusema alichopoteza na jinsi alivyoomboleza, au alivyozuiwa kuomboleza, na hasara si watu tu: ng'ombe, shamba, masomo yaliyokatika darasa la sita, jina zuri la familia baada ya baba kufungwa. Mwezeshaji hafariji kwa pupa. “Usilie, Mungu yupo” ni neno la kweli kwa mwamini, lakini likisemwa dakika ya pili humfunga mtu mdomo. Anayelia aachwe alie, jirani yake akiwa karibu bila kumshika mpaka aruhusu. Ndiyo maana wawezeshaji ni watatu: mmoja anaongoza, mmoja anaangalia nyuso, mmoja yuko tayari kutoka nje na aliyezidiwa. Wakiwa wawili, akizidiwa mtu mmoja mduara unabaki na kiongozi pekee. Wakizidiwa wawili, kazi imesimama.

Mchana ni wa hasira: inavyoanza mwilini, inavyojenga na inavyobomoa, na nini hufanya mtu aishike isimponyoke. Watu hupenda sehemu hii kwa sababu inahusu nyumbani kwao leo. Kosa la kawaida ni kuchelewesha chakula kwa sababu zamu za asubuhi hazijaisha. Watu waliolia kwa saa tatu wakiwa na njaa hawawezi kuzungumzia hasira, wataionyesha. Ni afadhali kuahirisha zamu nne zilizobaki hadi baada ya kula. Na siku hii haifungwi kwenye machozi. Ifungwe kwa kuvuta pumzi taratibu, kusimama, wimbo unaojulikana na wote, na kuhakikisha kila mtu ana wa kutembea naye hadi kwake. Saa kumi jioni ndiyo mwisho. Anayeishi mbali alazwe karibu, asiachwe apande bodaboda peke yake gizani na yale aliyotoka kuyasema.

Siku ya tatu kuna mti wa kutoaminiana. Mti huchorwa kwenye bango: mizizi, shina, matunda. Washiriki hutaja mizizi (uongo, woga, umbea, ubaguzi, tamaa ya ardhi, viongozi wachochezi) na matunda yake. Vikundi vingi huandika “ukabila” kwenye mzizi wa kwanza na kuweka maka chini kana kwamba wamemaliza. Mwezeshaji anayejua kazi huuliza ukabila huo ulilishwa na nini mwaka ule, pale kijijini, na nani alipata shamba la nani. Baada ya hapo huchorwa mti wa pili, wa kuaminiana, na miti yote miwili hubaki ukutani. Wasiosoma wachorewe, na lugha ya bangoni iwe ile inayozungumzwa mduarani. Bango la Kifaransa mbele ya watu wa Kirundi ni karatasi iliyopotea.

Halafu matembezi ya kuaminiana. Watu hupangwa wawili wawili, mmoja kila upande. Mmoja hufungwa kitambaa machoni, mwenzake humwongoza kwa mkono, bila kusema neno, kwa muda wa dakika kama kumi, kisha hubadilishana. Njia ikaguliwe asubuhi: mtaro, mizizi, ngazi ya mwisho iliyovunjika. Iwe na ugumu kidogo, maana uwanja mtupu haumfundishi mtu kitu, ila isiwe na hatari. Ukimya una kazi yake. Anayeongoza hawezi kujieleza wala kuahidi. Anachoweza ni kupunguza mwendo, kubonyeza kiganja panapokuwa na ngazi, kuinua tawi kwa mkono wa pili. Mwenye kitambaa anasikia hayo yote kwenye vidole. Mazungumzo yanayofuata mduarani ni miongoni mwa mazuri kabisa yanayoweza kusikika kati ya watu wa namna hiyo, na yasikimbizwe. Yapewe saa nzima.

Kuna tahadhari moja ambayo baadhi ya timu huisahau. Kwa mtu aliyewahi kukamatwa na kufungwa macho, kitambaa si mchezo. Aulizwe faraghani kabla, aruhusiwe kufumba macho tu au kuketi nje bila kuulizwa sababu mbele za watu. Haki ya kuruka zamu iliyotajwa siku ya kwanza inapimwa hapa.

Kwa viongozi wa dini, ambao ndio wateja wakubwa wa huduma hii, kuna jambo linalotaka unyoofu. Wengi huialika HROC wakitarajia siku ya tatu watu wasimame na kutamka msamaha, ikiwezekana mbele ya altare. Warsha haidai hilo, na ndiyo nguvu yake. Msamaha ukija, unakuja kwa mwendo wa mtu mwenyewe, mara nyingi wiki au miezi baadaye. Padri, mchungaji au sheikhe anayeushinikiza anampa aliyetenda kitu ambacho aliyetendewa hajakitoa. Wakaribishwe kufungua kwa dua na kushiriki kama washiriki wengine, kwa jina bila cheo, au wabaki nje. Kuketi pembeni wakitazama hakufai.

Ukumbi nao una maana. Rwanda mwaka 1994 watu waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia: Ntarama, Nyamata, Nyarubuye. Kenya, Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa likiwa na watu ndani. Kwa baadhi ya washiriki, mabenchi ya kanisa ndiyo kitu cha mwisho wanachotaka kuketi juu yake. Darasa la shule au ukumbi wa ushirika ni salama zaidi, isipokuwa washiriki wenyewe wakichagua kanisa. Panapokuwa na Waislamu, ratiba iache nafasi ya Adhuhuri na Alasiri bila watu kuomba ruhusa, Ijumaa isiwe siku ya pili, na warsha isiwekwe ndani ya Ramadhani, kwa kuwa chakula cha pamoja ni sehemu ya kazi.

Wengi huuliza tofauti yake na AVP (Alternatives to Violence Project, yaani mradi wa njia mbadala za vurugu), warsha nyingine inayosambazwa na Marafiki hawahawa. AVP ilizaliwa 1975 katika gereza la Green Haven, jimbo la New York, wafungwa wenyewe walipoomba msaada wa Quaker ili kuwafundisha vijana njia za kukabiliana na ugomvi bila kupigana. Inafundisha ustadi: kujithamini na kumthamini mwenzako, kusikiliza, kushirikiana, kutatua migogoro. Ina michezo mingi, na ina zoezi la miraba iliyokatwa ambalo peke yake linastahili nauli: watu watano, vipande 15, kila mmoja lazima apate mraba ulio sawa na wa wenzake, hakuna kusema, hakuna kuashiria wala kuchukua kipande cha mtu, unaruhusiwa kutoa tu. Kwa kawaida mmoja hukamilisha mraba wake mapema, akakunja mikono, na kumbe kipande alichokishikilia ndicho kinachowazuia wengine wanne. Kwa vijana wa bodaboda, wanafunzi, askari magereza au kata inayokaribia uchaguzi, AVP inafaa zaidi. Kwa watu waliopoteza jamaa, anza na HROC. Ukianza na michezo ya AVP kwa mjane ambaye hajawahi kuulizwa msiba wake, atashiriki kwa adabu na kurudi nyumbani alivyokuja.

Udhaifu wa HROC uko sehemu mbili. Wa kwanza ni kwamba si tiba ya hospitali. Mtu anayetaka kujiua, anayesikia sauti au asiyetambua alipo anahitaji kliniki ya afya ya akili, na mwandaaji awe na namba na njia ya kumfikisha kabla ya siku ya kwanza. Wa pili ni haki. Warsha haigawi ardhi wala hairudishi mabati yaliyoporwa. Gacaca, mahakama za kijamii za Rwanda zilizosikiliza kesi za mauaji ya kimbari, zilipofungwa Juni 2012 zilikuwa zimepitia kesi karibu milioni 2, na nyingi mno zilihusu mali. Kulipana kulibaki shughuli ngumu. Washiriki wakitoka mduarani wanaaminiana kidogo, wanaweza kuketi kupanga malipo hayo. Lakini serikali au shirika lisiitumie warsha kuwanyamazisha wanaodai.

Mambo mengine ya kukataa: kufupisha iwe siku moja na nusu kwa sababu ya bajeti (bora kuahirisha), kupiga picha za watu wakilia kwa ajili ya ripoti, ofisa wa usalama kuketi ndani, na posho kubwa. Nauli na chakula vinatosha. Posho ikizidi kibarua cha siku, orodha ya washiriki itajaa wanaojua kusaka semina, na wenye kiwewe watabaki nyumbani. Asiandikwe mtu jina kando ya maneno yake. Na siku ya kwanza ielezwe wazi kwamba mduara si mahakama, ili asiingie mtu akidhani kukiri kwake humo kunamfutia kesi.

Siku ya ufuatiliaji hufanyika baada ya mwezi hivi, kwa watu walewale 20. Ndiyo inayokatwa kwanza fedha zikipungua, na ndiyo inayoonyesha kama kazi ilifanyika: nani alimsalimia nani sokoni, nani alienda msibani upande wa pili, nani amerudi kwenye pombe. Lipieni hiyo pamoja na zile tatu, tangu mkataba wa mwanzo. Maeneo yenye wawezeshaji wengi, kama Musanze kaskazini mwa Rwanda, ni rahisi kupata timu ya kurudi. Kwingine, andikeni tarehe kabisa kabla warsha haijaanza.

Kuhusu tarehe: Rwanda, epukeni kufungua warsha mpya ndani ya wiki ya maombolezo inayoanza Aprili 7, kwa sababu watu wanakuwa wamezidiwa tayari, Mei mwishoni au Septemba ni nafuu. Burundi, angalieni Oktoba. Kenya, uchaguzi mkuu huwa Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Kuanzia kura za mchujo hadi matokeo, pangeni AVP, na HROC iwe imemaliza siku yake ya ufuatiliaji kabla mabango ya wagombea hayajabandikwa.